Nilitafuta mmea wa kupenda mvuke, zote mbili zimekufa bafuni. Nilikosea wapi?

Dada mmoja wa Migosi hapa Kisumu ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Habari yako mtu wa maua. Niko gorofa ya tatu, choo na bafu ni chumba kimoja, dirisha ni moja dogo la luva na linaangalia ukuta wa ploti ya jirani. Nilinunua pisi lili, ile ya ua jeupe, na ile kangaga ya bostoni ya majani marefu yanayoinama, kwa sababu nilisoma kwa simu zinapenda mvuke wa bafuni. Nimekuwa nikizimwagilia kila nikimaliza kuoga. Sasa miezi miwili haijaisha pisi lili imelala, bostoni imebaki vijiti. Nilikosea wapi, na niweke nini badala yake? Niko na mtoto wa miaka 2. Na dadangu mkubwa ako Nakuru, spaida planti yake, ile ya majani membamba kama nyasi, inakauka ncha peke yake, ni ugonjwa ule ule?"

Salama dadangu, na pole sana, najua venye inauma kuamka kila siku unaona kitu ulichonunua kwa pesa yako kinakufa polepole na wewe ndio unajaribu kukitunza. Haukuwa mvivu. Shida ni kwamba ulichagua kwa kuangalia mvuke, na mvuke ndio kitu cha mwisho cha kuangalia. Mimea ya bafuni hapa kwetu nimeona ikifa kwa vitu viwili, giza na maji mengi, na hivyo viwili vinatembea pamoja.

Hebu tuanze na huo mvuke. Unaoga na instanti shawa dakika 10 hivi, kioo kinafanya ukungu, halafu unatoka, luva ziko wazi siku nzima, nusu saa baadaye hewa ya bafuni ni ile ile ya sebuleni. Wale wanaooga na maji ya beseni mvuke wenyewe hata hauonekani. Na Kisumu tayari tuko kando ya ziwa, hewa yetu haijakauka kama ya nyumba za Ulaya zenye hita zinazowaka miezi ya baridi, ndio maana watu wa huko wakiandika wanasema peleka mmea bafuni ukapumue. Wako sawa kwao. Wewe hewa ya Migosi inatosha karibu kila mmea wa nyumbani.

Sasa giza. Mmea haunywi maji kama ng'ombe, ati ukiyaweka mbele yake yanaisha. Maji yanavutwa na majani yakiwa yanafanya kazi, na kazi ya majani ni mwanga. Mwanga ukiwa kidogo majani yanatulia, mizizi haivuti, udongo unabaki umeloa Jumatatu hadi Jumatatu, na wewe jioni unaongeza kikombe kingine. Mizizi nayo inahitaji hewa, ikikaa ndani ya matope inakosa pumzi, inaoza. Hapo ndipo pisi lili inalala, na ikilala inafanana kabisa na ile yenye kiu, kwa hivyo mtu anaikimbilia na maji tena. Huo mtego umenasa watu wengi wazuri.

Ukitaka kuhakikisha, fanya hivi leo. Ing'oe pisi lili kwa mkebe wake, shika mzizi mmoja kwa vidole viwili na uvute taratibu. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa na ni mgumu, haubonyei. Uliooza ngozi yake inavuliwa kama soksi inabaki mkononi mwako, na ndani unaona kauzi kembamba tu, na harufu ni ile ya mtaro uliosimama maji. Wiki iliyopita mteja aliniletea moja kutoka fleti moja hapa mjini, tulihesabu mizizi 4 peke yake iliyokuwa hai. Tuliikata iliyooza yote, tukaipanda kwa kikopo kidogo chenye udongo mkavu mkavu, na nikamwambia maji asiguse mpaka kidole kikiingia hadi kiungo cha pili kisikie pamekauka. Yako ikiwa na mizizi hata 3 nyeupe jaribu hivyo hivyo, lakini isirudi bafuni.

Kabla ununue kitu kingine pima mwanga wa bafu yako. Saa sita mchana, zima balbu, funga mlango, simama pale unataka kuweka mmea na usome yale maandishi madogo nyuma ya dawa ya meno. Ukisoma bila kukaza macho, kuna mmea utaishi hapo. Halafu inua mkono wako juu ya karatasi nyeupe, kivuli kikitoka na vidole vinaonekana kimoja kimoja mwanga ni mzuri, kikiwa ni wingu tu lisilo na vidole ni hafifu, na kama hakuna kivuli kabisa, dadangu hapo ni giza, hakuna mmea wa kuishi hapo moja kwa moja, usikubali mtu akuuzie ati huu hauhitaji mwanga. Hakuna mmea wa kijani usiohitaji mwanga. Kuna inayovumilia tu, na kuvumilia ni kufa polepole ukiizidishia.

Na ukisoma kwa simu ati tafuta dirisha linaloangalia kusini, hiyo iache. Hiyo ni ya watu walioko kaskazini mbali, jua lao liko upande wa kusini mwaka mzima. Sisi laini ya ikweta inapita hapo Maseno, ni mwendo mfupi kutoka kwako, kwa hivyo jua letu kati ya mwisho wa Machi na Septemba liko upande wa kaskazini, halafu miezi ile mingine linahamia kusini. Dirisha lako la bafu linaweza kuwa na mwanga mzuri Desemba na mwezi wa sita likose, au kinyume. Kwetu kitu cha kuangalia sana ni mashariki na magharibi. Mashariki unapata jua la asubuhi lililo pole, magharibi unapata lile la saa tisa la Kisumu ambalo linachoma majani hata kupitia kioo. Na ukuta wa jirani usiudharau, kama umepakwa rangi nyeupe unakurudishia mwanga mwingi kuliko unavyofikiri, ukiwa ni mawe tupu yaliyofanya kuvu hauna msaada.

Kwa vile umesema luva ndogo na ukuta mbele, mimi nakuweka kwa hafifu. Ningekuwa wewe ningenunua ZZ mbili, ule mmea wa majani manene yanayong'aa. Si moja, mbili zinazofanana, moja inakaa bafuni na nyingine inakaa balkoni kwenye kivuli au karibu na dirisha la sebule, na kila baada ya wiki 2 zinabadilishana. Hii ndio siri ya wale watu unaona bafu zao zina majani mazuri mwaka mzima, mmea haukai gizani, unakuja kutembea na kurudi. ZZ inafaa kuliko zote kwa sababu chini ya udongo iko na viazi, kweli ukiichimbua utaona vitu kama viazi vidogo vya mviringo, humo inaweka maji, na hata shina la jani ni nono kwa sababu hiyo hiyo. Ni mmea wa kwetu huo, asili yake ni Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, umezoea miezi ya kiangazi bila tone. Bafuni gizani maji ni mara moja kwa wiki 3 au 4, inatosha. Wengine hawaniamini wanaongeza, halafu wanakuja na matawi ya njano.

Sneki planti, ile wengine wanaita ulimi wa mama mkwe, inafuata. Inasimama wima haichukui nafasi, inakaa hata juu ya tangi la choo kama mkebe ni mzito wa kutoanguka. Chunga tu maji yasiingie katikati pale majani yanatokea na kukaa, hapo ndipo inaozea. Kuna watu wanainunua bafuni na chumbani kwa sababu wamesikia inasafisha hewa. Hiyo ilianza na utafiti wa NASA wa 1989 uliofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa, ni kweli gesi zilipungua mle ndani. Lakini nyumba yako si kisanduku, na watafiti wa chuo cha Drexel kule Marekani walirudia hesabu 2019 wakaona ungehitaji mimea kuanzia 10 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu, saa zingine mamia, ndio ifikie kazi inayofanywa na dirisha lililo wazi. Harufu ya bafu inatolewa na luva. Mmea uweke kwa sababu unaupenda.

Mani planti, ile ya kutambaa yenye majani ya umbo la moyo, nayo iko sawa ukiwa na mwanga wa kivuli cha vidole. Gizani haifi haraka, inarefuka inakuwa kamba tupu yenye jani hapa na jani kule, na yale madoadoa ya njano yanapotea inakuwa kijani yote. Ukiona hivyo inakuomba mwanga. Ikate, vipande vyake vitachipuka kwa urahisi.

Kuna njia ya balbu pia kama hutaki kuhamisha hamisha. Balbu ya kawaida nyeupe ya LED ya wati 10, iwe kama sentimita 30 juu ya mmea, iwake saa 12 kwa siku, inakula kama uniti 3.6 za tokeni kwa mwezi. ZZ na mani planti zinaishi hivyo vizuri. Ila waya na soketi ziwe mbali kabisa na maji ya shawa na aliyeziweka awe fundi wa stima, hiyo sitaki mtu abahatishe.

Bostoni yenyewe si mmea mbaya wa bafuni, ilikosea nyumba tu. Mtu wa Kakamega mwenye bafu yenye dirisha kubwa la kioo cha maua, mwanga unaingia asubuhi yote, huyo aweke bostoni na asiwe na wasiwasi, majani yatamwagika hadi sakafuni. Hiyo inataka udongo usikauke kabisa, mara 2 au 3 kwa wiki. Tafadhali tu tusiende kuchimba zile kangaga za msitu wa Kakamega, ule msitu umelindwa, na hata ukizileta nyumbani zinakufa kwa sababu mizizi yake inakatika ukiing'oa. Nyingine ya bafu yenye mwanga ni vayoleti ya Kiafrika, ile ndogo ya majani yenye manyoya na maua ya zambarau, inayouzwa dunia nzima kama ua la Wazungu na kumbe kwao ni milima ya Usambara, kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, Mjerumani mmoja anaitwa Walter von Saint Paul-Illaire ndiye aliyeipeleka Ulaya miaka ya 1890. Hiyo usiimwagie maji baridi juu ya majani, inafanya madoa ya kahawia yasiyotoka. Weka maji ya vuguvugu kwa kisahani, iyavute kutoka chini dakika 20, halafu umwage yaliyobaki.

Hapo kwa kisahani nisimame kidogo maana huku kwetu ni jambo kubwa. Maji yaliyosimama ni mbu. Yai la mbu kwa joto la Kisumu linaweza kuwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 10 hivi, na bafuni ni kivuli, hakuna upepo, hakuna mtu anaangalia chini ya mkebe. Nimewahi kuinua kisahani cha mteja nikaona vile viwavi vya mbu vikijikunja kunja juu chini, na chumba cha watoto kiko mlango wa pili. Kwa hivyo kisahani kimwagwe saa ile ile, na wale wanaopanda mani planti kwa chupa ya maji wabadilishe kila siku ya 4 na wasugue chupa ndani, kwa sababu mayai ya mbu wengine yanashika kwenye ukuta wa chombo, kumwaga peke yake hakuyatoi. Na ile mitungi na dramu tunazojaza bafuni siku mfereji unatoka tukingoja siku haitoki, zifunikwe. Hizo ni mbaya kuliko mmea wowote.

Udongo. Usichote ule mweusi wa Kano unaonata kiatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua, kwa mkebe unakuwa kama saruji, juu mkavu chini tope. Mimi nachanganya udongo mwekundu sehemu 2, samadi ya ng'ombe iliyokomaa sehemu 1, na maganda ya mpunga sehemu 1, hayo maganda ukifika Ahero kwa vinu vya mchele unapata gunia kwa bei ya chini kabisa. Kwa ZZ na sneki planti ongeza mchanga wa mto au kokoto ndogo. Dadako wa Nakuru yeye ana bahati, ile miamba myepesi yenye matundu, pamisi, iko tele Bonde la Ufa, hata mashamba ya maua ya Naivasha yanapanda ndani yake.

Mkebe uwe na tundu, nasema kwa nguvu hii. Ile mikebe mizuri ya kauri isiyo na tundu ndiyo imeua nusu ya mimea ninayoletewa. Ndoo kuukuu ya mafuta ya kupikia, pasha msumari moto jikoni, toboa matundu 5 chini, halafu ukitaka uzuri itumbukize ndani ya ile ya kauri na uitoe wakati wa kumwagilia. Mbolea bafuni karibu hauhitaji, mmea ulioko kwa mwanga hafifu hauna haraka.

Vitu vya kusafishia choo navyo vinachoma. Jik ikirukia jani unaona doa jeupe kesho yake, ikiingia kwa udongo ni mizizi. Siku ya kuosha bafu toa mimea nje kwanza, na wewe mwambie pia yule anayekusaidia nyumbani, kwa sababu mara nyingi mwenye mmea anajua na anayeosha hajaambiwa. Siku hiyo hiyo ndio ya kupangusa majani kwa kitambaa chenye maji, poda na sabuni ya kunyunyiza huwa zinafanya utando unaozuia mwanga ule kidogo uliopo.

Umesema una mtoto wa miaka 2. Hapa nikuambie wazi, ZZ, pisi lili na mani planti zote zina chembe kali kama sindano ndogo ndani ya majani, mtoto akitafuna mdomo unawaka na ulimi unavimba. Kuna moja mbaya zaidi, difenbakia, ile ya majani makubwa yenye mabaka meupe, hiyo kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa au kuanza kutembea mimi siuzi hata mtu akinibembeleza. ZZ yako ikae juu, kwenye rafu ambayo hata akipanda ndoo hafikii. Sneki planti nayo si ya kutafunwa, inachafua tumbo. Kama huna pa juu, chukua spaida planti, vayoleti au bostoni, hizo hazina sumu, lakini zinataka mwanga kuliko ulio nao, kwa hivyo zamu ya balkoni iwe kila wiki.

Na dadako mkubwa wa Nakuru, mwambie si ugonjwa ule ule, na si kosa lake. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ile ile inayofanya meno ya watu waliokulia huko yawe ya kahawia. Spaida planti na jamaa zake za drasena haziwezi kuitoa, inasafiri na maji hadi mwisho wa jani na kukusanyika hapo, ndipo ncha inakufa na katikati iko kijani kabisa. Aweke ndoo chini ya mfereji wa paa mvua ikinyesha na amwagilie na hayo. Kuchemsha hakusaidii, floraidi haitoki kwa moto, inabaki na kuzidi kwa sababu maji yamepungua. Majani yaliyokauka ncha hayatapona, ayakate kwa makasi kwa kufuata umbo la jani, mapya yatakuja safi. Tena Nakuru wako juu karibu mita 1,850, sisi ni 1,130 hivi, usiku wa Julai bafu ya vigae huko inakuwa baridi kweli, akiwa na vayoleti au mani planti aitoe kando ya luva miezi hiyo.

Sasa vile vijiti vya bostoni yako, usivitupe bado. Kata vyote viache kama sentimita 3 kutoka kwa udongo, halafu kwaruza lile gogo la katikati kwa ukucha. Ikiwa ndani ni kijani au nyeupe yenye maji, iko hai. Iweke balkoni mahali jua haliifikii moja kwa moja, uikaushe kwanza siku 3 au 4, ndipo uanze kuimwagilia kidogo, udongo uwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa. Wiki ya 3 au ya 4 angalia katikati kwa karibu, utaona vitu vidogo vimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, vina manyoya ya kahawia. Ukiviona nitumie picha, na usivishike, vinavunjika upesi.